Kaburi Walilochimba Wafiwa

Jumatano. Mvua tangu alfajiri. Nina hasira leo, na sehemu kubwa najikasirikia mwenyewe.

Jana tumemzika Mzee Shabani, jirani yangu wa hapa Sofu. Nimeandika "tumemzika". Uongo. Wamemzika. Mimi niliomba ruhusa shuleni kwa ajili ya msiba, kisha nikabaki ndani nachungulia dirishani.

Hapa kwetu mfiwa hashiki jembe. Mtu akifariki usiku, asubuhi vijana wa mtaa wako makaburini wanachimba, bila kuitwa na mtu. Wanawake wanaingia uani na ndoo za maji na sufuria. Hata kama mlikuwa hamsalimiani, msibani unakwenda.

Jana wamechimba wanawe wawili, pamoja na ndugu waliofika kutoka Kisarawe. Watu wamekuja kulia, wamepewa sururu. Mabegi yao yalikuwa bado barazani.

Kosa la mzee ni kwamba alisimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza kwa nini mashamba ya upande wa Zegereni yanapimwa kuwa viwanja vya viwanda na wenyewe hawajaulizwa. Tulimpigia makofi. Nami nilipiga. Baada ya wiki akaitwa kuhojiwa, akaitwa tena, na tangu hapo akawa anaitwa mpinga maendeleo. Presha ikamalizia.

Halafu kuna ule waraka. Ulishuka kutoka serikalini miezi michache iliyopita, tukasomewa kwa upole: kila mkusanyiko utolewe taarifa, na mjumbe wa mtaa aandike majina ya waliohudhuria, kwa usalama wetu. Tukaitikia. Basi jana mjumbe alikaa kwenye baraza la marehemu na daftari lake tangu saa mbili asubuhi. Hakumfukuza mtu wala hakukemea. Alikaa tu.

Mimi mshahara wangu unatoka huko huko ulikotoka waraka. Mwenye duka anaogopea leseni yake. Wa bodaboda wanaogopa kunyang'anywa kijiwe. Kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri, na mtaa mzima ukajifungia ndani.

Leo nimepita ofisi ya mtaa, pale waraka ulipobandikwa, nikausoma tena mstari kwa mstari. Hakuna mahali uliposema tusizikane.

Hilo tumeliongeza wenyewe.

Nilikuwa nadhani serikali ya mabavu ni askari na virungu. Kumbe inatosha kuandika sentensi moja, woga wetu unajaza ukurasa. Na watoto wanatuangalia. Binti yangu wa darasa la tano ameniuliza kama siku hizi watu hawaendi tena msibani. Nikamwambia amalizie chai yake.

Jioni nimejikaza nikaenda, kwa mlango wa uani, na wali kwenye hotipoti. Mjane wake, Mama Tatu, amenipokea vizuri mno. Nimemwamkia, ameitikia, amenishika mikono yote miwili. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi. Hakunipa nafasi.

"Usikae sana, mwalimu," akaniambia. "Mjumbe kaenda kuswali tu, sasa hivi anarudi."

Mwenye msiba ndiye aliyenionea huruma mimi. Nami nikafurahi, Mungu anisamehe, nikaondoka mbio mbio hata pole sijaitoa.

Ijumaa ni hitma. Nimemwambia mume wangu kwamba nitaingia kwa mlango wa mbele na nitakaa mkekani mpaka dua ya mwisho. Najijua; Ijumaa hiyo nitaamka kichwa kinaniuma. Ndiyo maana nimeandika haya hapa, majina yote nikiwa nimeyabadilisha, ili nisipokwenda nisije nikajidanganya kwamba kuna mtu alinizuia.