Breki za Kamyo Itakayokuleta Walikale

Mke wangu Mama Feza,

Nakusalimu sana huko Kingi. Umeamkaje? Feza wetu ameota meno mangapi? Na kifua cha mama mkwe kimepoa? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haijui kupumzika, na nguo zangu hazikauki.

Barua uliyoandikiwa na katekista imefika. Umeuliza jambo moja tu: kamyo itakayokuleta kwangu, itashika breki kwenye miteremko? Nilitaka kujibu "ndiyo" niishie hapo. Lakini nikikudanganya wewe, nitamwambia nani kweli? Basi sikiliza, na katekista anayekusomea asicheke.

Breki za kamyo hiyo nilizifunga mimi, hapa karakanani. Pampu ya zamani ilivuja mafuta, nikapewa mpya niifunge kwenye serivo, lile bakuli la chuma linaloongezea nguvu mguu wa dereva. Kati ya pampu na serivo kuna fimbo fupi yenye skrubu ya kuirefusha. Mimi, mwana wa mkulima, nikairefusha mpaka ikabana kabisa, kama ninavyobana jembe kwenye mpini. Tena nikajisifu.

Dereva, Papa Leonardi, alipoijaribu kwenye tambarare, kamyo ikaanza kujizuia yenyewe na magurudumu yakatoa moshi. Breki zikichemka hivyo mlimani, hazishiki tena. Karakana nzima ilimlaumu yeye, eti amezikanyaga njia nzima. Nikasema, "Ni mimi." Niliwaona akilini, Mama Feza, wewe na mtoto, juu ya magunia ya kamyo hiyo.

Fundi wetu mkubwa, Papa Zakaria, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wee Matayo, hii haiko jembe! Ukikaza ile fimbo, frein, ile breki, haiwezi kuachia. Iache ipumue kidogo. Leta bugali yako."

Akabandika donge la bugali kwenye ncha ya fimbo, akaniambia nifunge pampu, kisha nifungue. Bugali yote ilikuwa imesagika, hakuna kilichobaki kati. Nikaifupisha fimbo, tukarudia. Mara ya nne bugali ikabaki nyembamba kama ukucha.

"Sasa njo vile," akasema, maana nafasi hiyo ndogo ndiyo inayotakiwa.

Tukafuta kila kitu, nikafunga. Chakula changu cha mchana kiliishia humo, na wala sikusikia njaa.

Tangu hapo tumeshuka mlima mara tatu na mzigo, mimi nikiwa kando ya dereva. Inashika, na inaachia. Papa Leonardi atapita kwenu Jumatatu.

Nisalimie mama mkwe, kaka yangu mkubwa anayetulimia maharage, na mdogo wako anayekusaidia kulea mtoto.

Kama bado unaogopa, mwambie Papa Leonardi hapana, hatakasirika. Nitaomba ruhusa, nipande Kingi kwa miguu, tushuke pamoja, Feza mgongoni mwangu, hata tukilala njiani siku nyingi. Sikukuoa ili uwe jasiri. Nakutaka ufike.

Mume wako anayekupenda,
Matayo, Baba Feza