Umeme Ukirudi, Mama Yako Anacheka

Mwanangu Neema,

Umeme umekatika tena hapa Tabata, kwa hiyo nakuandikia kwa kalamu, kwa mwandiko ule uliokuwa ukiusema kwamba ni wa ubaoni. Sina anwani ya kuituma barua hii. Nimeamua kuiandika wazi, aisome atakayeisoma, maana nimechoka kuzungumza nawe kichwani nikiwa napiga mswaki. Siku hizi nachoka na vitu vidogo. Kufunga kamba za viatu kunanichosha, na watu wanaoniuliza naendeleaje wananichosha zaidi, kwa sababu inabidi niwajibu kwamba namshukuru Mungu.

Nataka kukueleza habari za ile picha ya kwenye kompyuta.

Unakumbuka ulivyoileta. Ofisini kwenu Mbezi Beach walikuwa wanabadilisha mashine, ukaomba moja, ukaja nayo nyumbani Jumamosi kwenye bajaji, umeipakata kama mtoto mchanga. Ilikuwa nzito na yenye kiburi. Uliiwekea mfumo mpya mwepesi, lakini ule wa zamani ukauacha kwa ajili yangu, kwa sababu mitihani ya hisabati niliyowatungia wanafunzi wangu ilikuwa humo na mimi sikutaka kusikia habari ya kuhamisha kitu. Ndiyo maana kila ikiwashwa, kabla ya chochote, ilikuwa inaleta menyu nyeusi yenye maandishi madogo, ikiuliza niingie mfumo upi. Ilikuwa inahesabu sekunde huku ikiuliza. Mpaka nipate miwani, imeshajichagulia yenyewe.

Nililalamika sana, wewe unanijua. Nikasema mashine inayouliza swali halafu haisubiri jibu haikulelewa vizuri. Ulicheka, ukakaa nayo kidogo, ukaondoa kule kuhesabu. "Haya baba, sasa itakusubiri hata ukienda kanisani ukarudi." Ukanikuzia na maandishi, ukayafanya ya njano. Halafu, kwa sababu ya mgongo wangu na ile swichi iliyo chini ya meza, ukaipanga ijiwashe yenyewe kila umeme unaporudi. Ulifikiria kila kitu mwanangu. Hilo ndilo limekuja kutusumbua.

Picha uliipiga Jumamosi nyingine. Mama yako alikuwa jikoni anapika makande, mimi nipo sebuleni nahangaika kulifungua tangazo la jumuiya ambalo lilikuwa limegoma. Nadhani nilikuwa naiomba kompyuta kwa sauti. Wewe ulikuwa mlangoni pa jikoni umeshika simu, ukamwambia mama yako, "Mama, sikia, baba anaibembeleza kompyuta kama mgonjwa asiyetaka uji." Mama yako, mwiko mkononi, makande mdomoni, akaangua kicheko. Ukampiga picha hapohapo.

Jumamosi iliyofuata nikawasha kompyuta, na badala ya ule weusi nikamkuta mke wangu skrini nzima, kichwa amekirusha nyuma, na yale maandishi yako ya njano yamekaa juu ya kitenge chake. Ulinieleza ulivyofanya nami nikaitikia bila kuelewa: picha umeipunguza, umeiweka mahali pake, umeandika jina lake kwenye faili moja. Mama yako alipoiona alikasirika kwelikweli. Alisema utamwaibisha, wanajumuiya wakija watamkuta na mdomo wazi kama kiboko. Ukamwahidi kuitoa. Hukuitoa, na yeye hakukukumbusha. Ila nilimwona mara kadhaa akipita na kitambaa kufuta vumbi kwenye skrini isiyo na vumbi.

Ugonjwa wako ulikuwa mfupi. Sitauandika hapa. Tulikusafirisha kwetu Same, tukakulaza kaburini jirani na bibi yako, ndugu wakakaa nasi, wakaondoka, tukarudi Tabata wawili.

Siku ile tunaingia ndani umeme haukuwepo. Tulikaa sebuleni na mabegi yetu, hakuna aliyetaka kuyafungua. Halafu umeme ukarudi. Friji ikaguruma, feni ikaanza, na kompyuta, kama ulivyoifundisha, ikajiwasha. Mama yako akaibuka pale kwenye skrini anacheka. Na kwa kuwa uliondoa kuhesabu, hakuondoka. Alibaki pale anacheka, anasubiri mtu abonyeze.

Mama yako aliitazama picha yake kwa muda. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mwanamke anacheka nini?"

Akavua khanga yake, akaifunika skrini.

Unajua umeme wa huku kwetu ulivyo. Unakatika, unarudi, unakatika tena. Ikawa kila ukirudi mama yako anaacha alichoshika na kwenda na khanga. Akiwa anaoga na umeme ukarudi, ananipigia kelele huko huko nifunike. Nikawa nachomoa waya ukutani, nikisahau nikachomeka, mambo yakawa yale yale. Mwisho akaniambia niitoe. Hakuniambia kwa ukali. Alisema tu, "Naomba uitoe ile picha, siiwezi."

Nami sikuweza kuitoa. Kwanza sikujua inavyotolewa, hilo ni kweli. Lakini nikuambie ukweli mwingine, nilifurahi kutokujua. Kwenye ile picha, pembeni chini, kuna kivuli cha rangi ya udongo kimeingia. Ni kidole chako gumba. Picha zako tunazo nyingi, za mahafali, za kipaimara, na ile kubwa iliyobebwa mbele ya jeneza. Kote humo umesimama vizuri unaitazama kamera. Kwenye hii ya mama yako huonekani, ila upo nyumbani, umesimama mlangoni pa jikoni, unatucheka, na mama yako anakutazama wewe. Ningewezaje kuitoa? Na yeye angewezaje kuitazama? Tulikuwa wawili na kompyuta moja.

Tukaanza kuishi kama wapangaji. Alikuwa ananiwekea chakula na kwenda kukaa uani. Majirani wanatuita Mama Neema, Baba Neema, tunaitikia, lakini sisi wenyewe kwa wenyewe tuliacha kuitana hivyo. Alikuwa akinihitaji anasema "samahani", kama anaomba njia sokoni. Hakuwa ananitazama, mwanangu. Alizungumza na bega langu.

Halafu akaenda Temeke kwa mama yako mdogo. Alisema anakwenda kupumzika. Alibeba nguo nyingi kuliko za kupumzika. Mlangoni akaniambia atarudi ile picha ikiwa imetoka.

Nikabaki na nyumba, na nyumba ilikuwa kimya mpaka inauma masikio. Nikakaa mbele ya kompyuta yako nikiwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nilihangaika nayo kwa siku kadhaa. Nilitafuta, nikasoma maelezo ya watu nisiowajua, nikayanakili kwa mkono, maana kitu nisichokiandika kwa mkono hakinikai. Hatimaye nikalipata lile faili na nikauona mstari wenye jina la picha. Uliiita "mama_kacheka". Nililia hapo, sitaki kuficha. Kisha nikaufuta ule mstari, nikahifadhi faili, nikaizima mashine kwa adabu, nikampigia mama yako simu kwamba kazi imekwisha.

Alirudi kesho yake na mfuko wa machungwa. Alipika. Tulikula meza moja kwa mara ya kwanza tangu tutoke Same, na alikuwa ameanza kunieleza habari za mtoto wa mama yako mdogo, umeme ukakatika. Tukaendelea kuzungumza gizani, na mimi, mzee mzima, nikawa na furaha kwa sababu hatuonani na bado tunazungumza. Ukarudi. Kompyuta ikajiwasha. Mama yako akatokea skrini nzima, anacheka.

Aliweka kijiko chini. "Ulinidanganya," akasema. Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Nilikaa pale nikiitazama ile picha kwa hasira, na nilikukasirikia na wewe, nisamehe. Nilikuwa nimefuta mstari, nimeuona kwa macho yangu haupo. Halafu ndipo maneno yako yakanijia, yale niliyoyaitikia bila kuelewa: "Baba, kuandika peke yake hakutoshi. Lazima uiambie isome upya, la sivyo inabaki na ile iliyokariri." Kumbe ile menyu haiendi kusoma faili lako kila asubuhi. Inafuata iliyokwisha kukariri, mpaka uiamuru kwa neno moja ijipange upya. Nimefundisha watoto miaka yote hiyo nikiwagombeza kwa kukariri, na kompyuta yangu inakariri.

Nikalitafuta lile neno kwenye maelezo niliyoyanakili, nikaliandika. Mistari ikapita. Nikaizima, nikaiwasha. Ikaja nyeusi, maandishi ya njano, basi. Nikaenda kugonga mlango wa chumbani, nikamwambia mama yako sikumdanganya, nilikosea hatua ya mwisho, aje aone. Alichelewa kutoka. Alipotoka alisimama nyuma ya kiti changu akautazama ule weusi.

Nilidhani atashukuru. Akaenda kuondoa vyombo mezani. Siku zilizofuata khanga ikarudi mabegani kwake, umeme ukawa unakatika na kurudi, na hakuna aliyekimbia. Palikuwa na amani ya namna fulani, ya watu waliochoka. Lakini nilianza kuona kwamba umeme ukirudi anainua kichwa kuitazama skrini, halafu anakiinamisha.

Asubuhi moja nilikuwa naandika matangazo ya jumuiya, akaja akaketi kwenye kiti cha pembeni, kile ulichokuwa unakaa wewe. Akauliza kama ile picha niliifuta kabisa. Nikamwambia hapana, ipo, nimeondoa jina lake tu.

"Usiifute," akasema. "Siku nikiiweza nitakuambia. Kwa sasa nipige nyingine."

Nikamuuliza nyingine ya namna gani. Akasema ya hivi hivi alivyo. Hakutaka kubadilisha nguo. Hakufunga kilemba, na nywele zake zimekuwa nyeupe mbele, hukuziona. Akageuza kiti kuelekea dirishani, akaweka mikono mapajani. Nikaleta simu. Mimi na simu unatujua, nikapiga miguu, nikapiga ukuta, nikapiga pua yangu mwenyewe. Alisubiri. Hakucheka wala hakukasirika.

"Baba Neema," akasema, "tulia basi, ishike kwa mikono miwili."

Nikatulia. Nikampiga picha.

Kuiweka kulinichukua siku nzima, kwa sababu ilikuwa kubwa mno na menyu iliikataa, nikaipunguza kama ulivyofanya wewe. Safari hii neno la mwisho sikulisahau. Sasa umeme ukirudi anatokea mwanamke mwenye macho yaliyovimba, amechoka, hajachana nywele, na maandishi yako ya njano yamemkaa kifuani. Wanajumuiya walipomwona, mmoja akauliza kwa nini tusiweke ua. Mama yako akamjibu kwamba maua yapo Same.

Sina la kukudanganya, mwanangu. Nyumba haijapona. Bado nachoka kabla ya saa nne asubuhi, na bado kuna siku mama yako anakaa uani mpaka jua linamhama. Ile picha uliyoipiga wewe ipo, hakuna aliyeigusa, na sijui kama ataiomba mwaka huu au lini. Ila hii niliyopiga mimi nimeitazama sana, kuliko nilivyowahi kuitazama picha yoyote. Mama yako hacheki. Ananitazama mimi, niliyesimama mbele yake na simu mikononi, na hajageuza uso.

Lala salama, mama. Huku tupo wawili.

Baba yako