Mlima Nilioufikia kwa Gari

Kim, rafiki yangu,

Nimeanza barua hii mara tatu, na kila mara nimeinuka nikazunguka stoo ya baba bila kujua natafuta nini. Leo nakaa. Kuna jambo nimefanya, na heri ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nimekuharibia safari.

Unakumbuka ulipokuwa umefika: darajani, nje ya mji, mlima ukiwa mbele yako. Wiki tatu ulitembea kwa miguu ndani ya mchezo ule wa video, kila jioni baada ya shule, tumekalia magunia ya simiti, baba akipiga kelele kutoka kaunta, "Hitesh, Kimani, hiyo mashine itawatoa macho!" Magari yalijaa barabarani, ni kufungua mlango tu uondoke, na wewe hutaki. "Gari inakula dunia, buda," uliniambia. "Ukikanyaga mafuta, hii yote inakuwa kauwanja."

Nilikucheka. Lakini ulikuwa umewasoma waliotengeneza mchezo ule kama mtu anavyomsoma jirani mjanja. Ulinionyesha jinsi mlima unavyoonekana kutoka kila paa ili uutamani, kisha barabara inakupindisha mpaka unaupa mgongo. Ukungu wameuweka makusudi, usione mwisho. Jangwani muziki unazima, unabaki na upepo na viatu vyako. "Ni kama Menengai," ulisema. "Ukiwa tao, huku mjini, ni kilima tu. Panda ndio ujue."

Halafu ukaugua Novemba, na kabla ya Krismasi tukakuzika.

Januari barabara zilifungwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi, baba akafunga duka, tukakaa ndani siku baada ya siku. Nakuru nzima ikawa sebule na korido. Kukaa siwezi, kulala siwezi. Basi nikawasha mashine, nikafungua safari yako, nikakukuta umesimama pale pale darajani. Nikatembea kidogo. Kimya kile, Kim... nilishindwa. Likapita gari, nikalichukua, nikakanyaga. Nilifika mlimani hata chai yangu haijapoa. Kileleni palikuwa na mawe matatu na kibanda cha mbao. Mlima wetu wote ule! Na vidole, kwa mazoea, vikaseva. Juu ya safari yako, ikafutika, maana kadi yetu ya kumbukumbu ilikuwa na nafasi hiyo moja tu.

Nimejiita mjinga kwa Kigujarati na kwa Kiswahili.

Linaloniuma zaidi nililijua baadaye. Siku ya mazishi tulikuja kwenu Bahati kwa pikapu ya duka. Nilitazama dirishani, nikageuka, tumeshafika. Mama yako akanishika mkono, akasema, "Karibu, mtoto wangu," na mimi nilikuwa sijaanza hata kukuaga. Tangu siku hiyo huwa najiambia umelala hapo tu, karibu. Ni uongo. Hakuna aliye mbali nami kama wewe.

Sasa barabara zimefunguliwa. Nimeanza mchezo upya, kwa miguu, na bado niko mjini. Nitafika darajani, niseve, niache hapo. Mlima ni wako.

Na Jumamosi nakuja kwako. Baba amesema atanipeleka na pikapu, nimekataa. Naahidi nitaanzia mlangoni pa duka na kutembea mpaka Bahati, nijue umeenda mbali kiasi gani.

Pumzika, ndugu yangu. Nitachelewa kufika.

Wako,
Hitesh