Dawa ya Rangi na Figo Yako

Kamwene, mdogo wangu Mama Neema.

Barua hii itunze, maana inatoka kwa mtu mzito. Hapa Mbeya nusu ya mapaa yamepita mikononi mwangu. Mbao zikishuka kutoka Mafinga, hakuna anayenunua mpaka nizigonge kwa kidole niseme, "Hii imekauka." Mafundi wenye vyeti wananyamaza, nasema mimi niliyeishia darasa la tano.

Mgongo wako vipi? Na lile kovu, bado linakuvuta ukiinama kupalilia? Usininyanyulie ndoo, nakuomba. Mama anakula vizuri? Mimi nipo, ila kuna jambo.

Wiki iliyopita tumbo liliniuma chini upande wa kulia, pale pale walipoipandikiza figo yako, na presha ikapanda. Mwakalinga, fundi wa kuezeka ninayeshinda naye hapa kwenye mbao, akanipeleka hospitali. Daktari hanijui, akasema nipigwe siti skani, ile picha ya kuingia kwenye tundu. Kabla ya picha wanakudunga dawa ya rangi mshipani ili ndani kuonekane vizuri. Binti wa picha akaniuliza, "Baba, umewahi kupasuliwa?"

Sasa mdogo wangu, hapa watu wote wanajua kovu langu ni la nyati. Nilishawasimulia jinsi nilivyopambana naye kule Idodi, nikamshika pembe zote mbili. Mwakalinga alikuwa amesimama pembeni. Nikajibu, "Hapana."

"Na kovu hili?"

Mwakalinga akadakia, "Nyati huyo, sista! Alimrusha mpaka akatua juu ya mti!"

"Mti gani?" binti akauliza.

"Mgunga," nikasema. Ningefanyaje?

Akanilaza, akatafuta mshipa. Huku akinifunga mpira mkononi akasema, "Ukitoka hapa unywe maji mengi, baba. Dawa hii inatolewa na figo, na ikikuta figo dhaifu inaweza kuiumiza." Mama Neema, nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akapiga kelele. Nikamwambia, "Mwanangu, acha. Figo hiyo si yangu. Ni ya mdogo wangu."

Mwakalinga aliniangalia kama mtu aliyeuziwa mbao mbichi. Tulipotoka nje ndipo akasema, "Kwa hiyo nyati hayupo?" Nikamwambia nyati yupo, ila hatujawahi kuonana.

Binti alikuwa ameshamwambia daktari, naye akanigombeza kama mtoto. Halafu akapima damu, akanipiga altrasaundi, akampigia simu daktari wa Dar aliyetupasua wote wawili. Wanaona kama mshipa unaopeleka damu kwenye figo umeanza kuwa mwembamba, ila altrasaundi haiwaonyeshi sawasawa. Nikamuuliza, "Dawa ya rangi itaiua?"

Akasema, "Mzee, hatari ipo, ila si kubwa kama unavyofikiri, kwa sababu figo yako bado inachuja vizuri. Tutakupa dripu kabla na baada, dawa tutaweka kidogo, na siku mbili baadaye tutapima damu tena. Lakini tusipopiga picha, na mshipa ukaziba, figo itakufa na sisi tumekaa tunaiangalia." Akanikataza pia vile vidonge vya mgongo ninavyomeza nikibeba mbao. Kumbe navyo vinaila figo. Nimevitupa.

Amenipa mpaka Alhamisi nimpe jibu. Nilisema nitafikiri, lakini mwenye kufikiri ni wewe. Kwetu mtu akikupa jembe huendi kulimia kwenye mawe bila kumwambia. Najua utasema, "Kaka, nilikupa, sikukuazima." Hata hivyo. Ulilala kitandani ukapasuliwa wakati watoto bado wadogo, na shemeji alinung'unika mwaka mzima. Nikiiharibu, nitakutazamaje? Moyo wangu unaniambia nikubali dawa. Ila nataka nisikie wewe unasema kubali, ndipo nilale mezani nimetulia.

Barua nampa dereva wa basi la asubuhi, utaichukua stendi. Nisalimie Mama huko Mlandege, umwambie ninakula. Msalimie shemeji, hata akinuna. Neema aendelee kusoma. Mwambie mjomba wake ndiye anayeezeka mji huu. Na mchungaji anikumbuke Alhamisi, bila kunitaja jina kanisani.

Jambo la mwisho. Jumapili nilipokupigia, nikakuuliza habari za mahindi, nikakuuliza za mvua, halafu za mahindi tena, nilitaka kukuuliza hili. Ukasema, "Kaka, mbona sauti yako hivyo?" Nikakwambia mtandao mbovu, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikuwa nalia.

Ni mimi, kaka yako uliyemgawia mwili,
Baba Tito