Tambi Zisizo na Sukari

Msambweni,
14 Machi 1965

Mjomba wangu mpendwa Matano,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta nyote hapo Mombasa mu wazima. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, na leo naliandika neno hilo bila kusitasita, kwani dadako anakula.

Uliondoka hapa ukiijua hali. Homa ya matumbo ilikwisha, Mama akaruhusiwa kutoka hospitali, lakini chakula akakikataa. Daktari akatuambia asipokula tutampoteza. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wetu tulimuuliza, tukambembeleza, naye akageukia ukutani.

Basi Ijumaa dereva wa basi akatuletea mabakuli yako mawili ya bati, moja juu ya jingine. Biriani ya Wahindi niliijua kwa zafarani yake hata kabla sijafunua. Mimi na chakula cha Wahindi hatuachani, tena pawe na bajia na chatini ya ukwaju. Mama hata hakuitazama.

Bakuli la chini lilikuwa na tambi za Wachina. Ahsante kwa kutuandikia kuwa ni kamba na mboga tu, na kwamba ulisimama jikoni kwao kuhakikisha hakiingii kitu cha haramu. Wewe nawe huoni haya! Ndugu yangu Tsuma alionja kwanza, na tangu hapo wimbo wake ni Wachina, Wachina. Kisha akamlisha Mama kijiko kimoja. Mama akatafuna, akafumbua macho.

“Nani kazipika tambi hizi?”

Tukamwambia ni Mchina.

“Maskini! Kwao hakuna sukari wala nazi?”

Mjomba, nilicheka hadi nikalia, au nililia kwanza, sijui. Alituamuru tumwage tui na sukari juu ya wale kamba, akala huku akilalamika mpaka bakuli likabaki tupu. Biriani niliila mimi, usiniulize kiasi gani.

Sina cha kukulipa. Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya riziki, wala asikuonyeshe njaa ya umpendaye.

Nisalimie mkaza mjomba Mwanaima na watoto. Tsuma anakuamkia.

Mabakuli yako nayarudisha kwa basi lile lile, na chombo cha mtu hakirudi kitupu. Yote yana tambi za nazi na iliki. Sikuzipika mimi. Mama amesimama jikoni mwenyewe asubuhi hii, akatufukuza sote. La juu ni lenu. La chini, amesema, mpelekee yule Mchina.

Mpwa wako akupendaye,
Mwanapili