Jua Nililolifuta Kwenye Picha

Strandgata 31,
Hammerfest, Norwei.
21 Januari 2024

Mpendwa Shangazi Torgunn,

Pokea salamu kutoka huku kwenye theluji. Hujambo? Na vidole vyako vinaendeleaje? Baba aliniambia kwamba tangu uhamie Hispania unafungua chupa ya jamu mwenyewe bila kumwita mtu, nami nilifurahi sana kusikia hivyo. Jirani yako Solfrid bado anakuibia kwenye karata? Sisi huku tu wazima. Mama alishikwa na mafua baada ya Krismasi, lakini amepona na anagomba kama kawaida. Baba anaondoa theluji mlangoni kila asubuhi na kuilaani kila jioni.

Leo jua limerudi, baada ya miezi miwili ya giza. Limechungulia juu ya kilima kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha kahawa, kisha likajificha. Tumekula maandazi ya jamu, kama ilivyo desturi ya siku hii, mpaka Baba akalegeza mkanda. Lako nimekula mimi, usimlaumu mwingine.

Najua hukukaa huko ukingojea habari za maandazi. Katika barua yako ya mwisho uliandika kwamba jua likirudi nami sijapata kazi moja kubwa ya kueleweka, duka lako la mapazia utampangisha yule muuza simu, na mimi niende Oslo nikaajiriwe kama wenzangu. Uliandika pia kwamba picha za kompyuta hazijawahi kulivisha dirisha hata moja. Sitakuficha, Shangazi, nilikasirika. Niliisoma barua hiyo nimesimama katikati ya duka lile lile ulilonifundishia kukata kitambaa, nikalia kwa hasira. Halafu nikafuta machozi, nikawasha kompyuta.

Sasa vaa miwani, ukae vizuri. Nimeipata kazi ya hoteli ya Herborg.

Ndiyo, Fyrlykta yenyewe, pale juu ya gati. Herborg na kaka yake Steinar wameamua kufanya upya mapokezi, ukumbi wa kulia na vyumba vyote vya wageni. Walioomba kazi walikuwa wengi, wakachujwa, tukabaki wawili: mimi peke yangu, na kampuni moja ya Oslo yenye wasanifu wa kujaza basi. Kiongozi wao anaitwa Halvard, mtu mrefu, mpole, mwenye viatu visivyojua theluji.

Kwa kuwa hujawahi kukubali nikueleze kazi yangu mpaka mwisho, leo utanisikiliza, maana barua huwezi kuikatiza. Napima chumba, halafu nakijenga ndani ya kompyuta, kuta na madirisha yake yote. Naweka meza, taa, rangi na vitambaa. Kompyuta inanitolea picha ambazo mtu ataapa kwamba zimepigwa kwa kamera. Nazipanga moja baada ya nyingine, nazionyesha ukutani kwa projekta, na mwenye hoteli anaiona hoteli yake mpya kabla msumari wa kwanza haujapigwa. Akikataa, tumepoteza picha tu, hatujapoteza mbao.

Mara ya kwanza tuliwasilisha mwanzoni mwa Desemba. Programu tunazotumia sote huja na jua lake tayari, jua zuri la asubuhi linaloingia dirishani na kujilaza sakafuni. Hakuna anayeligusa, kwa sababu linapendezesha kila kitu, hata kiti kibovu. Watu nao huja tayari: wembamba, wamevaa nguo za kiangazi, kila mmoja na kikombe chake mkononi. Halvard aliwaweka wote, pamoja na jua lao. Nami, mzaliwa wa Hammerfest, niliyefika kwenye mkutano huo mchana nikiwa na tochi kichwani kwa sababu ya giza, niliwaweka vile vile.

Herborg alitazama mpaka mwisho. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Wewe jua hilo umeliona wapi?"

"Kwenye tangazo la ndege," Steinar akasema.

"Wote wawili wameniletea Hispania. Nikitaka Hispania si nitaenda kwa Torgunn nikalale bure?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, huku masikio yakiniwaka moto. Lakini Herborg hana roho mbaya, akatuambia turudi baada ya Krismasi tukiwa na kitu cha kwetu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia gatini. Kila dirisha lilikuwa na taa yake, kama ulivyotufundisha kwamba ya kwetu isizimwe hata siku moja mpaka jua lirudi. Nikasimama mbele ya Fyrlykta, theluji ikinipiga usoni, nikaitazama. Ndipo nilipoelewa tulichokosea. Hakuna mtu anayeingia hoteli ile kabla hajasimama nje na kuitamani. Anatoka kwenye meli, amelowa, amechoka, anaziona zile taa. Sisi picha zetu zote zilianzia ndani, mtu amekaa kitini anatazama bahari ya buluu. Tulikuwa tumeichora hoteli kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kusikia baridi.

Basi nikalifuta jua. Nililifuta kwenye kila picha, na kumbe nilipolifuta kila kitu kiliharibika. Rangi nilizozisifia zikawa kijivu, sofa zikawa kama mawe. Ikabidi nianze upya, taa moja baada ya nyingine, mpaka chumba kipendeze kwa taa zake chenyewe. Wale watu wembamba nao niliwafukuza. Nikampiga picha Mama akikausha glavu, nikampiga Baba akivua buti na kuzivaa tena, mara nyingi mpaka akadai alipwe kama mcheza filamu. Ukimwona sasa anavyotembea mjini utadhani ameshaalikwa Amerika.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa iliyopita, saa sita mchana, ndani ya ukumbi ule ule wa zamani wa hoteli. Halvard alianza. Ukweli lazima usemwe, kazi yake ilikuwa nzuri. Alileta filamu inayokupitisha juu ya meza kama ndege. Hata jua alikuwa amelipunguza, ila alibakiza machweo ya rangi ya chungwa dirishani.

"Afadhali," Steinar akamnong'oneza dada yake kwa sauti ya kusikika na wote. "Leo tumefika Italia."

Zamu yangu ilipofika nikaomba taa za ukumbi zizimwe.

"Tutafanya nini gizani?" Herborg akauliza.

"Tutakuja hotelini," nikasema.

Picha ya kwanza haikuwa na chumba wala meza. Ilikuwa barabara ya kutoka gatini, theluji inakwenda upande kwa upande, na mbele huoni kitu. Niliiacha ukutani mpaka wakaanza kujikunyata. Picha ya pili, kwa mbali, madirisha ya njano, taa moja katika kila dirisha. Ya tatu, mlango uko karibu. Halafu tukaingia: benchi la kuvulia buti, mabomba ya moto ya kuanikia glavu, kwa sababu mgeni mwenye miguu iliyolowa haoni rangi ya ukuta. Kisha ukumbi, mbao nyeusi, taa zimeshushwa juu ya kila meza ili zimulike nyuso za watu, na Baba ndani ya lile sweta lake lenye viraka anapuliza supu ya samaki.

Nikamtazama Herborg, nikaona amejifunika mdomo kwa mkono. Unakumbuka marehemu mume wake alivyokuwa akishuka kwenye meli ya pwani na kupanda barabara ile kila baada ya safari. "Hivi ndivyo alivyokuwa akiiona," alisema taratibu. Hapo nilijua, Shangazi. Nilijua kabla hawajasema lolote.

Picha ya mwisho ilikuwa ya Julai, saa sita ya usiku, jua liko nje linawaka bila haya, kama linavyokesha kwetu kila kiangazi. Jua nililirudisha mara hiyo moja tu. Lakini ndani ya chumba cha mgeni kuna giza tamu la kulalia, kwa sababu ya mapazia mazito yaliyofika sakafuni. Na dirishani amesimama mwanamke, ameshika pindo la pazia kwa kidole na dole gumba, analipima uzito. Mwanamke huyo nilimtoa kwenye ile picha iliyotundikwa juu ya meza ya kukatia, iliyopigwa mwaka ulipofungua duka.

"Yule si Torgunn?" Steinar akauliza.

"Ndiye," Herborg akasema. "Ndivyo alivyokuwa akishika kitambaa, kama anampima mtoto homa." Kisha akanigeukia. "Na hayo mapazia atashona nani?"

"Torgunn," nikasema. Sikuwa nimekuuliza.

"Si mikono ilimshinda?" Herborg akauliza.

"Ilimshinda kwa sababu ya baridi. Atashona Julai."

"Julai ipi hiyo, ya Hammerfest?" Steinar akacheka. "Mwashieni jiko basi."

Herborg hakutoka nje kushauriana na mtu. Alisema taa zisiwashwe kwanza, nimrudishie ile picha ya barabarani. Akaitazama tena, muda mrefu. Halafu akasema, "Kazi ni yako, binti wa Oddvar. Ila mapazia yawe ya Torgunn, la sivyo sitaki." Halvard alikuja kunipa mkono. Aliniambia kwamba kwao haijamjia mtu yeyote akilini kulifuta jua, kisha akaniuliza hapa mjini buti nzuri zinauzwa wapi. Nilimpeleka mwenyewe dukani, nikamchagulia.

Nilipofika nyumbani nilipiga kelele mpaka Mama akadhani nimeungua. Nimefurahi, Shangazi, nimefurahi mno, wala sioni haya kujisifu. Tumewashinda Oslo tukiwa ndani ya duka lako. Yule muuza simu mwambie atafute mlango mwingine.

Kazi inaanza mwezi wa tatu. Cherehani yako iko chumba cha nyuma, sijamruhusu mtu aiguse, na jana niliitia mafuta. Tayari nimesema mbele ya watu kwamba utakuja, na mji wenyewe unaujua ulivyo mdogo, kwa hiyo usinifanye niwe mwongo.

Solfrid mpe salamu zangu, na umwambie karata zihesabiwe kabla ya kuanza. Mama anakusalimu, ingawa anasema barua zako ni fupi mno. Baba anakusalimu na kukuuliza kama huko Hispania wanahitaji mcheza filamu. Herborg naye anasema chumba chako hapo Fyrlykta kitakuwa kile cha pembeni, upande wa jua.

Mungu akulinde, na vidole vyako avilinde zaidi.

Ni mimi, binti wa kaka yako, akupendaye sana,

Sunniva

N.B. Uliandika kwamba picha za kompyuta hazivishi dirisha. Ndani ya bahasha nimekuwekea kipande cha kitambaa cha mapazia, cha sufu, kijani iliyokoza. Sikukichagua kwenye skrini, nilikichagua kwa vidole, kama ulivyonifundisha. Kishike kwanza, halafu ndipo ukatae kama utaweza.