Jina Nililolikwangua Kisimani

Mjukuu wangu Rebeka,

Pole na baridi ya Kolwezi. Huku Kamina tuko. Bibi yako anakusalimu. Mguu unamsumbua, mdomo bado mzima.

Umeuliza ni jina gani lililokwanguliwa kisimani petu, ututumie rangi tuliandike upya. Ni Rehobothi. Nililiandika mwenyewe, kijana niliyejisomea Mwanzo nikajiona mwalimu. Isaka alichimba kisima, watu wakakigombania, akakiita Eseki, yaani ugomvi. Alipochimba cha tatu, hakuna aliyekigombania, akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Rangi ilikuwa haijakauka, jirani yetu, mke wa askari, akaja na ndoo.

"Weye kijana, hii jina iko na maana gani?"

"Nafasi, mama. Ni Kiebrania."

"Nafasi ya nani?"

Akaangalia kadena, ile kufuli niliyofunga kifunikoni ili majirani wasichote. Na mimi nikaiangalia. Kiebrania chote kikaniishia.

Nikafungua. Akachota, akashukuru kwa upole, na shukrani hiyo ikanichoma kuliko tusi. Alipoondoka nikachukua kisu, nikakwangua.

Kadena haikurudi tena. Lakini ile rangi unayotaka kututumia, tutapaka mlango wa choo. Kisima sijathubutu kukipa jina lingine.

Babu yako, kambo wako